Zahera Abaki au Aondoke? Kisa cha Coastal Union na Kocha Wake Mkongwe

Oktoba 2023, Ligi Kuu ya Tanzania ikiwa bado changa, Coastal Union ya Tanga ilitangaza kuachana na kocha wake mkuu, Mwinyi Zahera, ambaye alikuwa amekabidhiwa timu katika maandalizi ya msimu huohuo. Hakuwa kocha wa kujaribiwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi la timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo akiwa msaidizi wa Florent Ibenge, na alikuwa ameinoa Yanga kuanzia 2018 hadi Novemba 2019. Msimu wa 2018/19, Yanga ikiwa na ukata hadi wanachama na mashabiki wakawa wanachangishwa ili timu iendelee kucheza, aliifikisha nafasi ya pili nyuma ya Simba. Mtu wa namna hiyo anapoondolewa baada ya wiki chache za ligi, swali haliwezi kuishia kwenye matokeo ya Jumamosi iliyopita.

Miezi saba baadaye Coastal ilimaliza ligi katika nafasi ya nne, chini ya Yanga, Azam na Simba, chini ya kocha mwingine ambaye mashabiki wengi wa Tanga walikuwa hawamfahamu alipofika. Kwa wengi hesabu ilikwisha hapo: kocha aliondoka, timu ikapanda, basi uamuzi ulikuwa sahihi. Mimi pia naona ulikuwa sahihi, ila sababu inayotajwa mara nyingi siyo iliyoufanya uwe sahihi, na kuzichanganya sababu hizo mbili ndiko, kwa maoni yangu, kulikoigharimu klabu mwaka uliofuata.

Kwanza tuielewe klabu yenyewe, kwa sababu kocha hapimwi hewani. Coastal ilianzishwa mwaka 1948, na mwaka 1988 ilitwaa ubingwa wa Tanzania, jambo ambalo klabu za nje ya Dar es Salaam zimelifanya kwa nadra. Wagosi wa Kaya wanabeba jina hilo la utani kwa fahari, na mtu aliyezaliwa Ngamiani au Chumbageni muda mrefu baada ya 1988 bado atakueleza habari za ubingwa ule kana kwamba aliuona kwa macho yake jukwaani Mkwakwani, uwanja wa nyumbani wa klabu. Fahari hiyo ni mali ya klabu, lakini pia ni deni kwa kila kocha. Matarajio yanapimwa kwa kipimo cha bingwa, ilhali uwezo wa kifedha ni wa klabu ya mkoa ambayo kila mwaka huangalia wachezaji wake bora wakipanda basi la kwenda Dar es Salaam. Katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Julai 2022, pale Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, Coastal ilitoka sare ya mabao 3-3 na Yanga kabla ya kufungwa kwa penalti, na mabao yote matatu yalifungwa na Abdul Suleiman Sopu. Msimu uliofuata Sopu alikuwa Azam. Kiungo Victor Akpan naye alikuwa amekwenda Simba. Kocha yeyote aliyekuja baada ya hapo alirithi fahari ya fainali ile bila kuwarithi waliocheza fainali ile.

Kisha akaondoka na aliyeipeleka timu kwenye fainali. Juma Mgunda, mchezaji wa zamani wa Coastal na kocha wake kwa misimu kadhaa, alichukuliwa na Simba Septemba 2022 kuziba pengo la Zoran Maki, akaivusha Simba mbele ya Nyasa Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tanga walimpongeza na kumlilia kwa pamoja. Nalitaja hili kwa urefu kidogo kwa sababu sehemu kubwa ya shida ya makocha waliomfuata ilianzia hapo. Mgunda alikuwa mwenyeji. Alijua ni mzee gani wa klabu anapaswa kusalimiwa kabla ya mechi na ni lawama gani za barazani zinapaswa kuachwa zipite. Alifundisha timu ambayo mapungufu yake aliyajua tangu wachezaji wakiwa vijana. Aliyemrithi, Yusuf Chipo kutoka Kenya, hakumaliza hata msimu. Zahera alikuja akiwa wa pili katika mstari huo, na mtu wa pili baada ya kocha mpendwa huwa hahukumiwi kwa kazi yake peke yake. Huhukumiwa pia kwa kutokuwa yule aliyeondoka.

Turudi Oktoba 2023. Uongozi ulikuwa na nini mezani? Ulikuwa na mechi chache mno. Matokeo ya mwanzo yalikuwa mabaya, na mojawapo lilikuwa kipigo cha 3-0 kutoka kwa Simba, Septemba, siku ambayo Jean Baleke alifunga mabao yote matatu. Kufungwa na Simba jijini Dar es Salaam hakumwambii kiongozi yeyote jambo asilolijua kuhusu kocha wake. Timu nyingi za ligi hii hufungwa hapo, zikiwa na kocha mzuri au mbaya. Ukiiondoa mechi ya namna hiyo kwenye hesabu, unabaki na michezo ambayo idadi yake haifikii kiwango cha kumhukumu mtu yeyote kwa haki. Mpira mmoja unaogonga mwamba, penalti moja isiyotolewa, kipa wa wapinzani aliyeamka vizuri siku hiyo, na sare mbili zinageuka kuwa vipigo viwili.

Upande huu wa hoja una ushahidi wa kitaalamu, na hauzungumzwi vya kutosha kwenye mijadala yetu ya redio. Mchumi wa Uholanzi Bas ter Weel alichunguza ligi kuu ya nchi yake kwa misimu ya kuanzia 1986 hadi 2004. Hakutazama tu timu zilizofukuza makocha. Alizilinganisha na timu zilizopitia mteremko uleule wa matokeo lakini zikambakiza kocha. Zilizofukuza zilipata nafuu. Zilizobakiza nazo zilipata nafuu, kwa kiwango ambacho hakikutofautiana kwa maana yoyote. Sababu yake ni rahisi: timu hufukuza kocha ikiwa imefika chini kuliko uwezo wake halisi, na kutoka hapo njia ya kawaida ni kupanda, awepo nani kwenye benchi. Kocha mpya anakuta jua linachomoza naye anapewa sifa ya kuliamsha. Mtu akikuambia kwamba kuondoka kwa Zahera kunathibitishwa na nafasi ya nne, hoja hii ndiyo ya kumpa kwanza.

Waliotaka Zahera abaki walikuwa na mambo mengine ya kusema, na yalikuwa ya uzito. Kikosi kilikuwa kimesajiliwa naye akiwa kocha, kwa hiyo kumwondoa kabla ya dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, ni kumkabidhi mwingine wachezaji asiowachagua. Mkataba wa kocha unapovunjwa bila sababu inayokubalika, klabu hulipa, na isipolipa kocha wa kigeni anaweza kufika FIFA, ambako klabu hufungiwa kusajili hadi deni litakapomalizwa. Klabu kadhaa za nchi yetu zinalijua zuio hilo kwa uchungu. Kwa klabu yenye mapato ya Coastal, mishahara ya makocha wawili kwa wakati mmoja, mmoja akiwa kazini na mwingine akiwa nyumbani kwake akisubiri stahiki, ni fedha ambayo ingenunua mshambuliaji.

Pamoja na hayo kulikuwa na hoja ya ukongwe wenyewe. Mtu aliyewahi kuiongoza Yanga wakati wa njaa, wachezaji wakidai mishahara, anajua namna ya kuishikilia timu isisambaratike. Hoja hii naiheshimu, ila naona ilitumika mahali pasipostahili. Ukongwe ni dhamana ya tabia ya kocha katika dhoruba. Hausemi lolote kuhusu kama mazoezi yake ya Jumanne yanawafaa wachezaji alionao mwaka huu. Wapo walioitumia kinyume chake, wakidai kwamba mkongwe amechoka na mpira umemwacha, nao pia walikuwa wanapima umri badala ya kazi. Mkongwe anaweza kuwa sahihi au kukosea kwa sababu zilezile zinazomfanya kijana awe sahihi au akosee.

Sasa upande wa pili, ambao ndio uliokuwa na uzito zaidi, na ambao hauhitaji kumshusha Zahera ili usimame.

Ligi ya 2023/24 ilikuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 30. Mbili za mwisho zilishuka moja kwa moja, na za nafasi ya 13 na 14 ziliingia kwenye mchujo. Maana yake ni kwamba robo ya ligi ililala kila usiku ikiwa na hofu. Katika ligi ya aina hiyo, thamani ya kubadilisha kocha hupungua kila wiki inayopita. Anayeingia Oktoba ana zaidi ya mechi 20 za kufanyia kazi, ana dirisha dogo la usajili mbele yake, na ana mapumziko ya ligi ya kufundishia bila presha ya mechi. Anayeingia Machi ana kelele tu. Atawapandisha wachezaji morali wiki mbili, kisha uwezo wao halisi utarudi kuwa uwezo wao halisi. Kwa hiyo uongozi uliokuwa na shaka ya kweli kuhusu kocha ulikuwa na sababu ya kuifanyia kazi shaka hiyo mapema, hata kama ushahidi haujakamilika, kwa kuwa kusubiri ushahidi ukamilike ni kusubiri hadi dawa ipoteze nguvu. Hapa ndipo ninapoafikiana na uamuzi wa Oktoba. Ulikuwa uamuzi wa kalenda.

Swali lililobaki ni shaka hiyo ilikuwa juu ya nini. Yapo mambo ambayo kocha anayamiliki na yapo ambayo hayamiliki. Hamiliki uwanja, hamiliki ratiba, hamiliki kama mshahara umeingia. Hamiliki hata kama mshambuliaji atafunga nafasi ya wazi. Anamiliki mpangilio wa timu inapopoteza mpira, nani anacheza na nani, namna timu inavyoanza kipindi cha pili, na kama wachezaji wanaelewa kazi zao kiasi cha kuzieleza wenyewe. Kiongozi anayetaka kumhukumu kocha kwa haki hana budi kutazama hayo, na ni mambo yanayoonekana hata ndani ya mechi tano kwa mtu anayejua kutazama. Ndiyo maana klabu inahitaji mtu wa mpira katika uongozi, mwenye kazi ya kutazama mazoezi na kuandika ripoti, ili siku ya kikao kusiwe na ushahidi wa matokeo na kelele za jukwaani peke yake.

Baada ya Zahera timu ilishikwa kwa muda na Fikiri Elias, kocha anayeijua Coastal vizuri, kisha akaletwa David Ouma kutoka Kenya. Ouma alikuwa amefundisha Sofapaka, na kabla ya hapo alikuwa ameiongoza timu ya wanawake ya Kenya, Harambee Starlets, kufuzu kwa mara ya kwanza michuano ya Mataifa ya Afrika kwa wanawake mwaka 2016. Hakuwa na jina la kuuzia jezi. Lakini alikuwa na uzoefu wa kitu kimoja kilichofanana sana na hali ya Coastal, yaani kuifanya timu isiyo na nyota icheze kwa nidhamu dhidi ya timu zenye nyota.

Alichokifanya kilionekana zaidi nyuma kuliko mbele. Coastal haikugeuka timu ya mabao mengi. Iligeuka timu ngumu kufungwa, inayokubali kushinda bao moja na kurudi nyumbani bila kuomba radhi. Kipa wake Mkongo, Ley Matampi, aliyekuwa bingwa wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwaka 2016 akiwa na timu yake ya taifa, alimaliza msimu akiwa na mechi 15 bila kuruhusu bao, moja zaidi ya Djigui Diarra wa Yanga, akachukua tuzo ya kipa bora. Mbele yake kijana Lameck Lawi alikua mechi hadi mechi akawa beki wa kati ambaye klabu kubwa zilianza kumuulizia.

Ila Matampi alikuwa amesajiliwa katika maandalizi ya msimu, wakati wa Zahera. Nguzo kubwa kuliko zote ya mafanikio ya kocha mpya ilikuwa imekwishasimikwa kabla hajafika. Katika kisa hiki hakuna jambo linalonigusa kuliko hilo, maana linaharibu hadithi zote mbili zinazopendwa. Linaharibu hadithi ya kwamba Zahera hakufanya lolote, na linaharibu pia hadithi ya kwamba Ouma alianza na mikono mitupu. Kilichotokea ni kwamba kocha mmoja alisaidia kujenga kikosi na mwingine akakipatia mfumo uliokifaa. Coastal ilikuwa na kipa wa kiwango cha juu na mabeki vijana wenye nguvu. Timu ya namna hiyo inapotakiwa kujilinda kwanza hupata pointi, na inapotakiwa kufunguka hupoteza kile ilichonacho. Kwa hiyo kama uongozi ulikuwa na swali moja la kumuuliza Zahera mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya barua, lilipaswa kuwa hili: kwa wachezaji hawa, unakusudia tucheze vipi kuanzia sasa hadi dirisha dogo? Jibu lenye mantiki lingempa angalau wiki nyingine nne. Jibu la kulalamikia usajili lingetosha kufunga mjadala.

Hata nafasi ya nne yenyewe inahitaji kusomwa kwa makini. Kwa kawaida tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ingekwenda kwa mshindi wa kombe la ndani. Msimu ule fainali ya kombe hilo iliwakutanisha Yanga na Azam, ambao wote wawili walikuwa wamekwishapata nafasi ya Ligi ya Mabingwa kupitia ligi, na hivyo mlango ukafunguka kwa timu ya nne. Coastal ilistahili nafasi yake kwenye msimamo, hakuna anayebisha. Lakini safari ya Afrika, ambayo klabu ilikuwa haijaionja kwa zaidi ya miaka 30, ilitegemea pia timu nyingine zimefika wapi katika shindano ambalo Coastal haikuwa na mkono nalo siku hiyo. Uongozi unaopanga msimu mpya ukiamini kwamba umefika Afrika kwa nguvu zake tu utakuwa na matarajio makubwa kuliko kikosi chake.

Kwa kulinganisha, tazama Simba msimu huohuo. Wiki chache baada ya Coastal kumwondoa Zahera, Simba ilifungwa na Yanga mabao 5-1, Novemba 5, na kocha Robertinho akaondolewa mara moja. Akaja Abdelhak Benchikha, mwenye wasifu mzito kuliko Ouma kwa kila kipimo, naye akaondoka Aprili, na msimu ukamaliziwa na Mgunda. Simba ikawa ya tatu, sawa kwa pointi na Azam iliyokuwa ya pili. Kitendo kilikuwa kilekile, mwezi karibu uleule, katika klabu yenye fedha nyingi zaidi, na msimu ukaisha kwa nafasi iliyo chini ya ile ya msimu uliotangulia. Tofauti haikuwa ujasiri wa kufukuza. Simba ilimwondoa kocha siku ambayo aibu ilikuwa imepanda kichwani, ikatafuta jina la kufuta aibu. Coastal ilimwondoa kocha kimyakimya na ikaangukia mtu aliyefaa kikosi. Nasema ikaangukia kwa makusudi, kwa sababu yaliyofuata yanaonyesha kwamba klabu haikuwa imejiwekea utaratibu wa kumpata mtu wa aina hiyo tena.

Katikati ya mwaka 2024 Coastal ilikuwa na kila sababu ya kutulia. Badala yake ilijikuta kwenye mvutano wa usajili wa Lameck Lawi, Simba ikiwa imemtangaza kuwa mchezaji wake na Coastal ikisema makubaliano hayakutimizwa, huku mchezaji mwenyewe akisafiri Ubelgiji kujaribu bahati katika klabu ya Gent. Beki tegemeo wa timu inayoishi kwa kujilinda alikuwa kila mahali isipokuwa kwenye mazoezi ya maandalizi. Agosti ikaja Ngao ya Jamii, shindano la kufungua msimu, Azam ikashinda 5-2, na timu iliyosifika kwa kutofungwa ikafungwa mabao matano ndani ya dakika tisini. Kisha Bravos do Maquis ya Angola ikashinda 3-0 kwao, marudiano yakaisha 0-0, na safari iliyosubiriwa zaidi ya miaka 30 ikaishia raundi ya kwanza. Marudiano hayo hayakuchezwa Mkwakwani. Uwanja wa nyumbani haukuwa tayari, na msimu ulivyoendelea Coastal ilijikuta ikipokea wageni mbali na Tanga. Oktoba iliikaribisha Yanga Arusha na kufungwa 1-0.

Ouma hakufika huko. Msimu wa 2024/25 ukiwa mchanga kabisa klabu iliachana naye.

Ukiuchukua uamuzi huu wa pili na kuuweka kando ya ule wa kwanza, kwa juu unafanana nao neno kwa neno: matokeo mabaya mwanzoni, kocha anaondoka mapema, muda wa kutosha kwa anayefuata. Hoja ya kalenda niliyoisifu hapo juu ingeweza kutumika tena. Lakini kalenda ni nusu ya hoja, na nusu nyingine ilikuwa haipo. Lililoharibika Agosti 2024 halikuwa katika mambo ambayo kocha anayamiliki. Hakumpeleka Lawi kwenye mvutano ule, wala si yeye aliyeufanya uwanja wa Mkwakwani usitumike. Wageni wa Coastal hawakuwa tena na shida ya kusafiri hadi Tanga na kucheza katika uwanja ambao kelele zake zinaingia masikioni, na kwa timu inayotafuta ushindi wa 1-0 hilo si jambo dogo. Mtu huyohuyo alikuwa ameonyesha kwa zaidi ya mechi 20 kwamba anaweza kukipatia kikosi hiki mfumo. Zahera hakuwa na ushahidi huo upande wake. Ouma alikuwa nao wote. Kama kulikuwa na kocha aliyestahili kuvumiliwa hadi Januari katika kipindi chote hiki, ni yeye.

Kuna waliosema kwamba kufungwa 5-2 na Azam kulionyesha mfumo wa Ouma umekwisha kusomwa na wapinzani. Inawezekana. Lakini mfumo uliosomwa hurekebishwa na kocha aliyeutengeneza kabla haujatupwa na asiyeujua, na hilo lilihitaji beki wake arudi, uwanja wake urudi, na wiki kadhaa za ligi. Nafasi hiyo haikutolewa. Badala yake timu ilipita mikononi mwa kocha wa muda na baadaye ikakabidhiwa Juma Mwambusi, kocha mwingine mzoefu wa ligi yetu. Kuanzia Mgunda alipoondoka Septemba 2022 hadi mwisho wa 2024, Coastal ilikuwa imeajiri makocha wakuu wanne: Chipo, Zahera, Ouma na Mwambusi, achilia mbali walioshika kwa muda. Kila mmoja alikuja na namna yake ya mazoezi, orodha yake ya wachezaji anaowaamini na lugha yake ya kufundishia. Mchezaji aliyedumu Tanga kwa muda wote huo alianza upya mara nne.

Makocha wenyewe, kwa upande wao, hawakukaa bure. Zahera alipata kazi Namungo ya Ruangwa, nako akaondoka mwanzoni mwa msimu wa 2024/25, na aliyeletwa kuchukua nafasi yake alikuwa Juma Mgunda. Yaani mtu ambaye Tanga ilimwacha na mtu ambaye Tanga ilimlilia walipishana kwenye benchi moja huko Lindi. Soko letu la makocha ni dogo kiasi hicho. Mashindano ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF) yanadai kocha mkuu mwenye leseni A au inayolingana nayo, wenye leseni hizo nchini hawatoshi klabu zote zinazobadilisha kila mara, na kwa hiyo klabu nyingi hupokezana watu walewale na kuita hali hiyo mwanzo mpya. Kiongozi anayemfukuza kocha mkongwe aanze kwa kujua nani mwingine yupo sokoni wiki hiyo, kwa mshahara gani, na kama si yuleyule aliyefukuzwa na jirani mwezi uliopita.

Hukumu yangu kwa kisa cha Zahera, basi, ni kwamba kuondolewa kwake kulifaa kwa kuwa kulifanyika ligi ikiwa changa, kwa kuwa kikosi kilikuwa na uwezo wa kujilinda uliohitaji mtu wa kuutumia, na kwa kuwa mtu huyo alipatikana kabla ya dirisha dogo. Ondoa lolote kati ya hayo matatu na ningesema abaki. Kwa Ouma mawili yaliondoka, kwani kikosi kilikuwa kimepungukiwa na beki wake na kiwanja chake, na mbadala hakuwa tayari siku barua ilipoandikwa. Ningembakiza hadi dirisha dogo, ningemaliza suala la Lawi kwa maandishi kabla ya Ngao ya Jamii, na fedha za kuvunja mkataba ningezipeleka Mkwakwani.